Mkalimani wa Baba Pacha

Suruali ilikuwa chini kabisa ya kapu la nguo chafu, imeviringishwa ndani ya shuka kama kitu kilichofichwa. Mama Pacha aliikunjua apekue mifuko, maana mumewe alikuwa na tabia ya kusahau misumari humo. Msumari hakuukuta. Alikuta kitambaa kimechanika juu kidogo ya goti la kushoto, mchano mrefu, kingo zake zimechakaa na kulowa mafuta meusi. Akaingiza mkono ndani ya mguu wa suruali, vidole vikachungulia upande wa pili. Alivitazama vidole vyake mwenyewe, kisha akaibeba suruali hadi jikoni.

Baba Pacha alikuwa jikoni, anawapakia siagi kwenye mkate binti zao mapacha waliompatia jina hilo.

"Hii imefanywa na nini?"

"Mwiba," alisema bila kuinua macho.

"Mwiba una mafuta ya mashine?"

Mabinti wakaacha kutafuna. Baba yao akawatuma wakavae viatu, na walipotoka akaweka kisu chini taratibu, kama mtu anayejua ameshakamatwa.

"Uliruka kidogo tu. Ngozi haukuigusa."

"Nini kiliruka?"

"Chenso. Ule msumeno wa injini."

Hapo ndipo Mama Pacha alipojua. Miezi yote hiyo alidhani mumewe anakokota matawi. Ndiyo kazi aliyoichukua walipofika nchi hii ya watu, kwenye kikosi cha kukata miti ya barabarani na ya uani kwa watu, alikoingizwa na mdogo wake. Kukokota matawi kunavunja mgongo, lakini mgongo unauma na kupona. Kumbe yule aliyekuwa akishika msumeno wa injini alipata kazi kwingine, na msimamizi akamkabidhi Baba Pacha mashine kama anavyomkabidhi mtu ufagio. Kuwasha alionyeshwa. Kuzima aligundua mwenyewe.

"Na nani alikufundisha kukata?"

"Nilikuwa naangalia wenzangu."

"Hata mimi naangalia ndege zikipita," alisema Mama Pacha. "Mbona sijapewa moja nirushe?"

Baba Pacha alicheka kidogo, akitumaini mambo yameishia hapo. Hayakuishia hapo. Mama Pacha alikunja ile suruali, akaiweka juu ya kabati badala ya kuifua, na tangu siku ile hakuwa na raha.

Yeye alikuwa mfuaji katika makao ya wazee. Siku nzima alikuwa kati ya mashine za kufulia na za kukaushia, anakunja mashuka, na lugha ya nchi ile aliichota kwa wale wazee, kitandani kwa huyu na kwenye kiti cha magurudumu cha yule. Aliijua vizuri, kuliko mumewe mara kumi. Sasa kila gari la wagonjwa lililopita barabarani lilimsimamisha, shuka mkononi, mpaka king'ora kipotelee mbali. Simu ikitikisika kwenye aproni, jasho jembamba lilimtoka kabla hajatazama ni nani. Mara nyingi alikuwa mwalimu wa watoto, au watu wa kuuza bima.

Wakati wa mapumziko alianza kutafuta mahali panapofundishwa usalama wa ile mashine. Alipiga simu huku kidole kimeziba sikio moja kwa ajili ya kelele za mashine. Chuo cha kwanza kilisema kinapokea watu waliotumwa na kampuni zao tu.

"Ngoja basi niongee na msimamizi wenu awatume," alimwambia mumewe jioni.

"Ukimpigia msimamizi, kesho sina kazi. Atasema ninamshtaki."

Chuo cha pili kilikuwa na mtihani wa kuandika, kwa lugha ya pale, bila msaidizi. Baba Pacha lugha ile aliizungumza kwa kuokoteza. Kuiandika ilikuwa hadithi nyingine. Mahali pa tatu walimwekea muziki kwenye simu, akausikiliza mpaka mapumziko yakaisha.

Shemeji yake, yule mdogo wa mumewe, alipopata habari akaja na lake. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye maneno mengi kuliko subira, na kwenye kikosi kazi yake ilikuwa kuvuta kamba za kuelekeza miti.

"Shemeji, unajisumbua bure. Kuna jamaa anatengeneza kadi ya mafunzo, ile wanayopewa waliofuzu. Unampa picha, unarudi kesho, kadi iko tayari, ina muhuri na kila kitu."

Mama Pacha alimtazama mumewe, akaona anafikiria. Hilo lilimtia hofu kuliko mchano wa suruali.

"Hiyo kadi," aliuliza, "ataivaa kwenye paja?"

Shemeji alicheka mpaka akashika ubavu. Baba Pacha hakucheka, na habari za yule jamaa hazikuzungumzwa tena mezani pale.

Aliyemtoa gizani ni mtunza bustani wa makao. Alikuwa akipunguza ua nje ya dirisha la chumba cha kufulia, amevaa suruali nene iliyomfanya atembee kama bata. Mama Pacha akamuuliza kuhusu ile suruali, na kutoka suruali wakafika kwenye mafunzo. Yule bwana akamtajia chuo cha kilimo nje ya mji, ambako kuna mwalimu anafundisha mtu yeyote siku za Jumamosi, ametumwa au hakutumwa.

Simu ilipokelewa na mwanamke mwenye sauti ya chini sana.

"Mume wako anaelewa lugha?"

"Kidogo."

"Kwenye kazi hii kidogo haitoshi. Nikimwambia simama, asimame. Mlete na mkalimani."

Mama Pacha hakumjua mkalimani yeyote. Alisikia mdomo wake ukisema, "Mkalimani ni mimi," kabla yeye mwenyewe hajaamua.

Yule mwanamke akauliza: "Samahani, una umri gani?"

"Kwani vipi?"

"Unaongea kama bibi yangu mzaa mama."

Jumamosi waliwaacha watoto kwa jirani, wakafika chuoni asubuhi. Darasa lilikuwa banda lenye harufu ya petroli na maranda. Mezani palikuwa na msumeno uliofunguliwa vipandevipande, na wanafunzi wengine, wote wanaume, walikaa wameuzunguka. Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mikono imejaa mishipa. Sauti yake ilikuwa ileile ya kwenye simu, ikabidi Mama Pacha asogeze kiti mpaka magoti yakagusa meza.

Kazi ya ukalimani ilimtoa jasho. Lugha aliyopewa na wazee ilikuwa ya dawa, mablanketi, mvua na magoti yanayouma. Mnyororo aliujua, mafuta aliyajua. Lakini mwalimu alipoeleza jinsi ya kuangusha mti, alitaja neno ambalo Mama Pacha hakuwahi kulisikia, na akalirudia tena na tena. Mumewe akamtazama, anangoja. Wanaume wengine nao wakamgeukia. Uso ukamwaka.

Mwalimu akaenda mlangoni, akaufungua na kuufunga, akaonyesha pale mlango unaposhikana na mwimo.

"Bawaba," alisema Mama Pacha kwa Kiswahili, pumzi ikamrudia. "Anasema ukikata mti usiumalize wote. Acha kipande cha mbao katikati, kiwe bawaba. Mti ulale kama mlango unavyofunguka, uende unakotaka wewe. Ukiikata bawaba, mti unakwenda unakotaka wenyewe."

Baba Pacha alitikisa kichwa polepole. "Sisi tunakata yote," alisema.

"Nimtafsirie hilo?"

"Hapana."

Zikaja picha. Mwalimu alizionyesha bila kupaza sauti, kama anaonyesha picha za wajukuu, na Mama Pacha alilazimika kuzisema kwa mdomo wake moja baada ya nyingine: hili bega, hii ni shingo, huyu alikuwa amesimama juu ya ngazi. "Anasema ncha ya juu ya lile bapa linalobeba mnyororo ikigusa mti, msumeno unarusha teke. Unakuja usoni kabla hujapepesa jicho. Ndiyo maana kuna breki hapa mbele ya mkono. Unaporuka, breki inaukamata mnyororo."

"Muulize," alisema Baba Pacha, "kama hiyo breki haishiki?"

Akauliza. Mwalimu alimtazama Baba Pacha moja kwa moja, akajibu kwa maneno machache.

"Anasema basi haiwashwi."

"Hata kama kazi ni ndogo?"

"Anasema haiwashwi."

Baba Pacha aliinamisha macho kwenye vile vipande mezani. Mama Pacha akamnong'oneza, "Ya kwenu inashika?"

"Msikilize mwalimu," alisema.

Mchana wakaingia kwenye shamba la misonobari nyuma ya chuo. Wote walipewa kofia ngumu, viziba masikio, na zile suruali nene zenye nyuzi ndani za kuukwamisha mnyororo. Mama Pacha pia alivalishwa. Mwalimu akamweka nyuma ya kamba ya njano, akamwambia: "Msumeno ukishawaka, kazi yako imekwisha. Hakusikii. Ataniangalia mimi, nami nitatumia mikono. Wewe usivuke hapa, hata itokee nini."

"Nimeelewa," alisema Mama Pacha. Na alikuwa ameelewa kweli.

Baba Pacha alianza vizuri. Alikata pengo upande ambao mti ungeangukia, akazunguka, akakata nyuma, akaacha bawaba. Mti ukatikisika juu, ukaanza kwenda. Halafu ukakwama. Matawi yake yalinasa kwenye matawi ya mti wa jirani, ukabaki umening'inia kama mlevi aliyeegemea rafiki yake.

Mwalimu alinyoosha mikono miwili na kuipishanisha juu ya kichwa. Simama. Baba Pacha hakuwa akimtazama. Alikuwa anatazama mti. Na kama mtu anayefanya kitu alichokifanya mara nyingi bila kufikiri, aliinama, akaingia chini ya ule mti ulioning'inia, msumeno unanguruma, aende kukata shina kwa chini.

Mama Pacha alimwita. Alimwita kwa jina alilopewa na mama yake, jina ambalo hakuwa amelitamka tangu siku ya ndoa. Hakusikika. Mara akajikuta amevuka kamba, anakimbia, suruali nene inamkwaza, macho hayaoni kitu kingine ila mgongo wa mumewe na lile shina juu yake.

Mkono wa mwalimu ulimkamata fulana kwa nyuma, ukamvuta hadi akakaa chini. Lakini Baba Pacha alikuwa ameshaona kitu kinamjia kutoka ubavuni. Akashtuka, akageuka mzima mzima, mnyororo bado unazunguka, ncha ya msumeno ikamwelekea mkewe. Walikuwa mbali kidogo. Si mbali sana. Akauona uso wa mkewe ng'ambo ya ncha ile, akauzima msumeno, akatoka chini ya mti kinyumenyume.

Mti ulilia juu yao, kitu kikakatika, ukateleza chini na kutua kwa kishindo, tako la shina likachimba ardhi pale Baba Pacha alipokuwa ameinama.

Mwalimu alingoja vumbi litulie. Kisha akaongea na Mama Pacha, kwa sauti ileile ya chini.

"Yeye amekosea, na atarudia somo wiki ijayo. Lakini wewe ungeweza kumfanya akukate. Umemshtua mtu mwenye msumeno unaowaka. Unataka nimtafsirie hilo kwa mikono, au utamwambia mwenyewe?"

Mama Pacha alimwambia mwenyewe. Alilisema lote, neno kwa neno, bila kupunguza hata lile lililomhusu yeye, na machozi yalimtoka wakati akilisema.

Kituoni walikaa kwenye benchi wakingoja basi la kurudi mjini. Halafu wakaanza kugombana kwa sauti za chini, kama wagombanavyo watu wenye watoto.

"Nilijua ninachofanya," alisema Baba Pacha.

"Uliingia chini ya mti unaoning'inia."

"Kila siku tunaingia."

"Kila siku?"

Alijifuta uso kwa kiganja. "Mti ukinasa, msimamizi anasema upunguze shina kwa chini ili ushuke. Tunapunguza. Wewe ulifikiri tunafanyaje?"

"Na hiyo breki yenu?"

"Imevunjika tangu nilipoupokea msumeno."

Mama Pacha alishika tama. Alitaka kumfokea, na alitaka kumshika mkono, na hakufanya lolote. Basi lilitokea kwenye kona, likawa gari jingine.

"Kila asubuhi naogopa," alisema Baba Pacha, macho yakiwa barabarani. "Wiki ile suruali ilipochanika nilikwenda nyuma ya lori nikatapika. Nilidhani nikikwambia tutakuwa wawili wa kuogopa, na ni nani atakayetoka mlangoni?"

"Tulikuwa wawili tayari," alisema Mama Pacha. "Tofauti ni kwamba kila mtu alikuwa anaogopea kwake."

Akausogeza mkono, akamshika. Kiganja chake kilikuwa na baridi, na kilinuka utomvu.

Jumamosi iliyofuata walirudi. Mama Pacha alisimama nyuma ya kamba, kucha zimezama viganjani, na mti wa kwanza ulipoanza kwenda aliuma shavu kwa ndani mpaka akaonja damu. Hakusogea. Miti ililala ilikotakiwa kulala. Mmoja ulinasa tena, na mara hii Baba Pacha alizima msumeno, akarudi nyuma, akamtazama mwalimu. Wakaushusha kwa kamba na mashine ya kuvutia, taratibu, mchana wote. Jioni alipewa kadi yake. Aliisoma njia nzima kwenye basi kwa kuunganisha herufi, mkewe akimsaidia pale alipokwama.

Mama Pacha alidhani sasa moyo wake ungetulia. Jumatatu, mapema kabla ya chakula cha mchana, simu ilitikisika kwenye aproni. Alikuwa mumewe, ambaye hajawahi kupiga saa za kazi. Mama Pacha aliegemea mashine ya kukaushia.

"Uko wapi?"

"Nyumbani."

"Umeumia?"

"Mzima. Nimekataa kuuwasha msumeno. Nimemwambia msimamizi mpaka breki itengenezwe, na tusiingie tena chini ya miti iliyonasa. Kasema niende nyumbani nikapumzike mpaka anihitaji."

"Ulimwambiaje, kwa lugha gani?"

"Kwa hiyohiyo yangu ya kuokoteza. Breki hakuna, kuwasha hakuna. Kaelewa sana."

Mama Pacha alicheka, na kicheko chenyewe kilimtetemesha. Kisha akauliza lile lililomjia baada ya kicheko. "Na leo msumeno ameushika nani?"

"Mdogo wangu."

Siku ile ilikuwa ndefu kuliko zote. Hofu ilikuwa ileile. Ilikuwa imehama mwili tu. Mashuka aliyakunja vibaya, akayakunjua, akayakunja tena. Mzee mmoja aliyepita na mkongojo alimuuliza kama anaumwa jino. Nyumbani alimkuta Baba Pacha amekaa na simu mezani mbele yake, anampigia mdogo wake, na mdogo wake hapokei. Watoto walikuwa wanachora sakafuni, hawana habari.

Mlango uligongwa jua likielekea kuzama. Shemeji aliingia, miguu miwili, mikono miwili, maranda yamejaa nyweleni. Mama Pacha alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, kama mtu anayekagua nguo kabla ya kuinunua.

"Mbona mnaniangalia hivyo?" aliuliza, lakini ule uchangamfu haukuwepo. Akavuta kiti akakaa. "Kaka, kile kitu kilinirukia. Ncha iligusa tawi la chini, mara nakiona juu ya kofia yangu. Kofia imechanika. Niliuweka msumeno chini, nikakaa kwenye majani. Nimewaambia siushiki tena."

"Na msimamizi?" aliuliza Baba Pacha.

"Alikuwa karibu. Aliona. Alikuwa mweupe kuliko shuka." Akapitisha kidole juu ya meza. "Ameubeba kwenye gari kuupeleka kwa fundi. Kasema urudi Alhamisi, msumeno utakuwa umetengenezwa. Kakasirika, lakini kasema urudi."

Baba Pacha alinyoosha mkono akampangusa mdogo wake maranda kichwani, mara moja, mara mbili, kama alivyokuwa akimpangusa vumbi walipokuwa wadogo.

Alhamisi alirudi kazini, amevaa suruali nene aliyojinunulia mwenyewe, anatembea kama bata. Mama Pacha alimwangalia dirishani mpaka alipopinda kona. Kutwa simu haikutikisika. Jioni alipoingia, mkewe alimpokea mlangoni kabla hajavua viatu.

"Breki?"

"Inashika. Niliijaribu kila baada ya mti."

"Na ule ulionasa?"

"Ulikuwepo mmoja. Tuliuvuta kwa lori. Msimamizi alisimama pembeni anatazama saa."

"Anakuongelesha?"

"Hata salamu."

"Afadhali," alisema Mama Pacha, akaenda kupakua chakula. Nyuma yake akasikia shemeji naye anaingia, anavua viatu, anauliza kwa sauti ya mtu anayejifanya hana haja sana, "Shemeji, hivi yule mwalimu wenu, Jumamosi hii ana nafasi?"